Reli ya Lobito: mukuba uko na wagoni, na mutu je?



Ku biro ya sendika ulizo linarudi paka moja tangu Desemba 2024, wakati Prezida wa Marekani alifika mwenyewe ku bandari ya Lobito, pamoja na maprezida wa Angola, wa Kongo na wa Zambia: hii treni itatuletea nini? Kijana wa Mutshatsha anataka kujua kama wataandika watu wa kazi. Mama wa Kolwezi anauliza kama bei ya unga na ya samaki itashuka. Shofere wa kamyo anauliza, kwa sauti ya chini, kama yeye bado atakuwa na kazi. Mu redio wanasema « Corridor » sawa vile ni kitu kilizaliwa jana. Haiko ya jana. Ile reli iko na umri kushinda wababu zetu wengi, na kila mara ilipofunguka ao kufungwa, kambi zetu zilisikia. Basi mbele ya kujibu, tuangalie kwanza gisi ilivyokuja.

Mbele ya chuma kulikuwa njia ya miguu. Waovimbundu, watu wa Bié na Bailundo mu Angola ya katikati, walikuwa wanatoka pwani ya Benguela na misafara mirefu, wanabeba bunduki, baruti na vitambaa, wanafika mpaka Bunkeya kwa Mwami Msiri. Wakirudi wanachukua pembe za tembo na watumwa. Mukuba nao tayari ulikuwa na bei: watu wa kwetu walikuwa wanauyeyusha na kuumwanga mu sura ya misalaba, miaka mingi mbele ya muzungu wa kwanza kuokota jiwe la kijani na kusema ameligundua. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na msafara wa mfalme Leopold II. Kisha ile siku, mambo ya mawe ya Katanga yakaanza kuamuliwa mu Bruxelles na London.

Mu London njo kulikuwa Robert Williams, Muskoti, rafiki wa Cecil Rhodes. Mu mwaka wa 1899 alianzisha sosiete ya Tanganyika Concessions, akatuma watu wake waangalie mawe ku upande wa Zambia ya leo na wa Katanga. Wenyeji wakawaonyesha mashimo ya zamani. Mawe yalikuwa mazuri sana. Hesabu iliyobaki ilikuwa moja: bahari iko mbali. Reli ya kwanza ilitoka kusini, ikapita Sakania, ikafika Elisabethville mu mwaka wa 1910, na mukuba wa kwanza ulioyeyushwa Lubumbashi mu 1911 ulishuka ile njia mpaka bandari ya Beira, Msumbiji. Lakini Beira iko ku bahari ya Hindi, na wanunuzi wako Ulaya. Mashua ilipaswa kuzunguka Afrika. Williams aliangalia karte akaona ku mangaribi bahari ya Atlantike, karibu sawa sawa na Katanga ukivuta mustari. Tarehe 28 Novemba 1902 Leta ya Ureno ikamupa kontra ya kujenga reli na kuitumikisha kwa miaka 99.

Hapa tusimame kidogo ku Lobito yenyewe, juu watu wengi wanataja lile jina bila kujua mafasi. Fikiri ulimi wa muchanga, mwembamba, urefu wake karibu kilomita tano, unatoka pwani na kuingia mu bahari, sawa vile mama anaweka mukono kukinga mutoto. Ndani ya ule mukono maji yanatulia, tena yana kina, na mashua kubwa inafika karibu kabisa na udongo mukavu. Muji wa Benguela, ambao ni wa zamani zaidi, uko jirani tu, lakini kule bahari iko wazi, mashua zilikuwa zinasimama mbali na mizigo inashushwa kidogo kidogo na vimashua. Njo maana reli ilibeba jina la Benguela lakini inaanza ku Lobito. Kazi ya reli na ya bandari zilianza pamoja mu 1903, na Lobito ukawa muji juu ya mukuba ambao ulikuwa bado mu udongo wa kwetu, kilomita zaidi ya elfu moja mia tatu toka pwani mpaka mupaka, na zaidi tena kisha mupaka.

Mu ule ule mwaka wa 1902 watu wa Bailundo waliasi Wareno, juu ya kazi ya nguvu na juu ya bei ya mpira iliyoanguka. Waliwashinda kwa bunduki. Ninaandika tarehe mbili hizi pamoja juu mu vitabu ya shimendefere unaona paka ile ya Williams.

Nani alijenga? Wainginia walikuwa Waingereza, makuta yalitoka London. Wa kubeba udongo na kulala mu mahema walikuwa Waafrika waliochukuliwa kwa sheria ya Wareno iliyolazimisha mwenyeji kufanya kazi, na wakati hawakutosha, wakaletwa Wahindi zaidi ya 2,000 kutoka Natal, Afrika ya Kusini. Walikuwa watu wa kontra waliomaliza mashamba ya sukari. Pwani kule hakuna maji ya kunywa, iko joto na malaria. Wengi hawakurudi Natal. Reli ilipaswa kupanda kutoka ku bahari mpaka ku uwanda wa Huambo, mita 1,700 yulu, na ku mafasi moja mulima ulikuwa mukali hata walitia reli ya meno katikati, ili lokomotive isirudi nyuma. Makaa ya mawe hakuna, basi sosiete ikapanda misitu ya eucalyptus kando ya njia, na miaka mingi treni ilikula kuni. Reli ilifika Huambo mu 1912. Ikaja vita ya Ulaya, kazi ikalegea, makuta yakakosa, kisha wakaendelea. Ku upande wa kwetu BCK ilikuwa inajenga kutoka Tenke kwenda Dilolo, zaidi ya kilomita 500, ili kuwapokea ku mupaka.

Reli mbili zilikutana na kufunguliwa rasmi mu 1931. Fikiri tarehe ile. 1931! Dunia nzima ilikuwa mu krizi, bei ya mukuba imeanguka, na Union Minière ilikuwa inarudisha maelfu ya wafanya kazi kwao mu vijiji, wale wale iliokuwa imetafuta kwa nguvu mbele yake, kupitia Bourse du Travail, mpaka Maniema, Lomami na Rwanda. Treni mupya inafika Katanga na sherehe, treni ingine inatoka na wanaume waliofukuzwa, na wake wao, na vyungu vyao. Ile njo siku ya kwanza ya ule « Corridor ».

Tena Wabeleji wenyewe hawakuipenda sana. Reli ilikuwa ya Waingereza mu inchi ya Wareno, na kila tone iliyopita kule ililipa makuta mu mufuko wa mwingine. Walikuwa na njia yao, wanaita « voie nationale »: treni kutoka Katanga mpaka Ilebo, ambayo wakati ule iliitwa Port-Francqui, reli iliyomalizika mu 1928. Ku Ilebo mukuba unatolewa mu wagoni, unatiwa mu mashua ya muto Kasai. Ku Léopoldville unatolewa mu mashua, unatiwa tena mu wagoni. Ku Matadi unatolewa tena, unatiwa mu mashua ya bahari. Mukuba mumoja, mara tatu mikononi mwa watu. Ku Lobito ni mara moja tu: wagoni, mashua, basi. Lakini Leta ya Ubeleji ilipanga bei za usafiri gisi njia ndefu ionekane fupi, na miaka mingi sehemu kubwa ya mukuba ilizunguka Ilebo wakati reli ya Lobito inangojea. Sisi wa sendika tunapaswa kukumbuka hii kila mara mutu wa sosiete anatuambia eti njia inachaguliwa na kilomita. Njia inachaguliwa na yule mwenye kuandika bei.

Vita ya pili ilipokuja, mawe ya kwetu yalikuwa na haraka. Mu 1940 zaidi ya tone 1,000 za uranium ya Shinkolobwe zilishuka kwa reli mpaka Lobito, zikavuka bahari mpaka Staten Island, New York, na zikakaa kule mu hangar mpaka Waamerika walipojua kazi yake. Dunia nzima inajua kazi yake ilikuwa nini ku Hiroshima. Wale waliojaza ile mifuko hawakuambiwa kitu. Mwaka uliofuata, wafanya kazi wa Union Minière waliomba nyongeza ya mushahara, juu vita ilikuwa imepandisha bei ya kila kitu na kazi imekuwa ngumu zaidi. Tarehe 9 Desemba 1941 ku Lubumbashi askari walipiga bunduki juu ya watu waliokusanyika ku uwanja wa mpira. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba yao, aliuawa pale. Hesabu ya Leta ilikuwa karibu wafu 50. Wazee wa kambi walihesabu zaidi. 

Kisha vita reli ya Lobito ilipata miaka yake mizuri. Wakati wa secession ya Katanga, 1960 mpaka 1963, njia ya Ilebo ilikatika na karibu yote ilitoka na Lobito. Tarehe 25 Desemba 1966 wapiganaji wa UNITA walishambulia Teixeira de Sousa, ule muji wa mupaka tunaita leo Luau, na treni zikasimama: ilikuwa mara ya kwanza watu wa Katanga na Zambia waligundua kwamba shingo yao iko mu mukono wa mwingine. Lakini ikafunguka tena. Mu 1973 reli ya Benguela ilibeba zaidi ya tone milioni 3 na kutumikisha watu zaidi ya 13,000, wa Lobito, wa Huambo kwenye atelier kubwa, na wa kila gare kando ya njia. Hapo hata mutu alikuwa na mafasi mu treni. Wazungu wa Elisabethville walikuwa wanashuka nayo kupanda mashua ya Ulaya, na wenyeji wa Dilolo na Kasaji walikuwa wanasafiri na mihogo yao na kuku wao mu wagoni ya nyuma. Kila moja mu klasi yake, sawa vile ilivyokuwa wakati ule. Hata vile, walisafiri.

Agosti 1975 ikakatika. Wareno walikuwa wanaondoka, Angola ilikuwa inaingia mu uhuru na mu vita kwa siku moja, madaraja yakaanza kuruka, na ile reli haikubeba tena mizigo ya kwetu kwa miaka karibu arobaini.

Ukitaka kuona maana ya kufungwa, usiangalie Lubumbashi, angalia Kisenge. Kule kulikuwa muji mzima wa manganese, kando ya reli, karibu na Dilolo, na nyumba, hospitali, masomo. Manganese ni nzito na bei yake ni ndogo. Huwezi kuibeba na kamyo mpaka Afrika ya Kusini na kubaki na faida. Ilikuwa na njia moja tu. Siku Lobito ilifungwa, Kisenge ilibaki na mawe yake nje na watu wake ndani ya nyumba. Wafanya kazi hawakukosa nguvu wala akili, hawakugoma, hawakuiba. Mutu alipiga daraja kilomita mia nyingi mbali na kwao, mu vita ya wengine, na mushahara ukakatika.

Na ile ile reli ikaleta vita kwetu. Machi 1977, wale tunaita gendarmes katangais, waliokuwa Angola tangu mwisho wa secession, walivuka mupaka. Soma majina ya miji waliyoshika: Dilolo, Kasaji, Mutshatsha. Ni magare. Walifuata reli sawa treni ya mizigo. Mwaka uliofuata, Mei 1978, walifika Kolwezi yenyewe, na kila familia ya Kolwezi iko na hadisi yake ya zile siku, sitazieleza hapa.

Sasa kuko hadisi moja tunaambiwa tangu zamani na ninataka kuikata. Wanasema Gécamines ilikufa juu ya Lobito kufungwa. Hapana. Kweli, kufungwa kulituumiza: bei ya mukuba ilikuwa imekwisha kuanguka tangu mwisho wa 1974, na sasa mukuba unapaswa kupita Zambia na Rhodesia mpaka bandari za Afrika ya Kusini, ao TAZARA mpaka Dar es Salaam, ao ile Ilebo na kazi yake ya kubeba mara tatu. Kila tone ilitoka na mzigo wa makuta ya njia. Lakini angalia: mu 1986, miaka kumi na moja kisha Lobito kufungwa, Gécamines ilitoa tone zaidi ya 470,000 za mukuba. Haijawahi kutoa vile wakati Lobito ilikuwa wazi. Kilichoiua kilikuja kisha: makuta yaliyotolewa mu sosiete bila kurudishwa mu mashini, mugodi wa Kamoto ulioanguka mu 1990, uporaji wa 1991, kufukuzana kwa ndugu na ndugu mu 1992 na 1993. Wala haikuwa reli.

Ninasema hivi juu kinyume chake pia ni kweli. Kama reli kufungwa siyo iliyotuua, reli kufunguka peke yake haitatufufua. Leo Kongo inatoa zaidi ya tone milioni mbili na nusu za mukuba kwa mwaka, karibu zote na makamyo. Haijawahi kutoa mukuba mwingi namna hii. Uliza mama wa kambi kama bukari imekuwa kubwa zaidi mu sahani.

Vita ya Angola iliisha mu 2002. Ile kontra ya miaka 99 ya Williams iliisha mu Novemba 2001, reli ikarudi kwa Leta ya Angola: chuma kilichopinda, madaraja mu maji, mine za vita chini ya udongo. Wachina, kampuni ya China Railway 20, waliijenga upya toka 2006 mpaka 2014, kwa dolare karibu miliare 1.8. Februari 2015 maprezida watatu walikutana Luau kuifungua. Reli mupya ikafika ku mupaka, na ku mupaka ikakuta reli ya kwetu, ya BCK, ya wababu. Treni ya haraka ikaingia mu njia ambako lokomotive inatembea sawa mugonjwa. Hata hivyo, mu 2018 manganese ya Kisenge ilishuka tena mpaka Lobito. Miaka arobaini na mitatu!

Kisha wakaja wengine. Julai 2023 sosiete moja inaitwa Lobito Atlantic Railway, ya Trafigura, Mota-Engil na Vecturis, ilipokea reli ya mizigo ya Angola kwa miaka 30, na ilisema itatia dolare milioni 455 ku upande wa Angola na mpaka milioni 100 ku upande wa Kongo. Leta ya Marekani, kupitia banki yake ya maendeleo, ilikubali kukopesha milioni 553. Mwisho wa 2023 mukuba wa kwanza wa Kamoa-Kakula ulijaribu ile njia, na safari kutoka Kolwezi mpaka Lobito ilikuwa ya siku nane. Shofere wa kamyo anayelala wiki nzima mu mustari wa Kasumbalesa anaelewa siku nane maana yake nini. Zambia nao wanataka reli yao wenyewe, itakayoingia Angola bila kupita kwetu. Wachina, kwa upande wao, wanataka kutengeneza TAZARA. Wote wanakimbilia mawe, na hakuna mubaya katika kukimbia. Ninauliza tu nani anaandika kontra, sawa vile Williams aliandika ya kwake.

Kuko mambo mawili mu kontra hizi ambayo mufanya kazi anapaswa kuyashika.

La kwanza ni kitu kinachoingia mu wagoni. Mu 1911 Union Minière ilijenga fuluu ya Lubumbashi, ile ya shimini, juu njia ilikuwa ndefu na ya bei kali: hakuna mutu mwenye akili angelipa kubeba jiwe zima mpaka Beira wakati ndani yake mukuba ni kidogo. Ilibidi kuyeyusha hapa, na ile kuyeyusha njo ilizaa kazi, njo ilizaa kambi, njo ilizaa muji. Sasa geuza ile hesabu. Kama njia inakuwa fupi na rahisi, sosiete iko na sababu ndogo ya kuyeyusha hapa. Yale majaribio ya mwisho wa 2023 yalibeba concentré, yaani unga wa jiwe, haikuwa mukuba safi. Fuluu zitakuwa kule inaenda. Usinisikie vibaya, sikatai treni. Lakini ndugu wa fonderi na wa hydro wajue kwamba treni rahisi inaweza kubeba kazi yao pamoja na unga. Ni mambo ya kuandika mu kontra wakati bado haijafungwa, kila tone ya concentré ilipe zaidi kushinda tone ya mukuba safi. Wabeleji walitumia bei ya usafiri kulinda Matadi yao. Sisi tunaweza kuitumia kulinda fuluu zetu.

La pili ni mutu. Tarehe 10 Machi 2022, ku Buyofwe, mu jimbo letu la Lualaba, treni ya mizigo iliyotoka Luena kwenda Tenke iliacha reli na mawagoni yakaanguka mu mabonde. Wafu walikuwa zaidi ya 70. Treni ya mizigo haina watu 70 wa kazi. Walikuwa watu waliopanda yulu ya wagoni, wamama na batoto na biashara yao, juu hakukuwa treni ingine na barabara haiko. Wakubwa walisema ni « clandestins ». Mutu anayetoka kwao kwenda soko ya inchi yake, clandestin! Ile haikuwa njia ya Dilolo, lakini ku Dilolo maisha ni yale yale, na kesho mizigo ikiongezeka mu ile reli ya kwetu, na treni zikikimbia zaidi, na watu bado wakikosa wagoni yao, Buyofwe ingine inangojea.

Ku Angola walifanya nini? Walitoa mizigo kwa Lobito Atlantic Railway, lakini treni ya watu ilibaki mukononi mwa sosiete ya Leta, Caminho de Ferro de Benguela. Mama wa Luau anaweza kununua tikiti, akae yulu ya kiti, ashuke Huambo ao Lobito. Haiko Ulaya, haiko mbali, ni ku ngambo ya mupaka, unaiona kwa macho kutoka Dilolo. Kama wao waliweza kutenganisha mizigo na watu mu karatasi na kuwaachia watu mafasi yao, sisi tunakatazwa na nani?

Kuko ndugu watasema: acheni kwanza reli itengenezwe, ya watu itakuja kisha. Tangu 1931 tunangojea ile « kisha ». Wengine, na hawa ninawaelewa zaidi, ni mashofere na wale wanaowauzia chakula kando ya barabara, toka Kolwezi mpaka Kasumbalesa: wanaogopa treni itawanyanganya. Kweli itachukua sehemu. Lakini hakuna treni itakayobeba milioni mbili na nusu peke yake kesho, na vumbi na ajali za ile barabara tunazizika sisi, haziziki wengine. Tusiwapiganishe mashofere na cheminots. Wale wa shimendefere nao wanajua miezi ya kutumika bila mushahara kushinda sisi wote, na kama reli ya kwetu inatengenezwa, wao njo wa kwanza kuandikwa, na deni yao ilipwe, mbele ya kuleta mutu wa mbali.

Kwa hiyo ku mkutano wa madelege wa mugodi na wa reli, sendika yetu itaweka maulizo haya juu ya meza, na tunaomba kila kambi iyazungumze mbele. Zile dolare milioni 100 zilizosemwa kwa upande wa Kongo, ngapi ziko za reli yenyewe, madaraja na breki, na ngapi ziko za wagoni za watu? Kati ya Dilolo na Kolwezi, ni gare gani zitafunguliwa kwa watu, na mara ngapi kwa wiki? Kazi za kutengeneza njia, wataandika wapi: Dilolo, Kasaji, Mutshatsha, ao mu biro ya Kinshasa? Na bei ya usafiri wa concentré, nani ataiweka, na mufanya kazi atakuwa mu chumba kile ao inje ya mulango?

Delege yoyote aliye na familia kando ya ile njia alete majina ya vijiji na hesabu ya watu wanaopanda mizigo kila wiki. Tunazitaka zikiandikwa, na tarehe. Ile siku tutapata jibu, ao ile siku watakataa kutujibu, tutaliandika hapa hapa mu ukurasa huu.